UZI: Litowa, kijiji cha ujamaa ambacho chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1969. Tusikichanganye na Operesheni Vijiji

#1 Mwana wa Songea

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za ujamaa humu zinaishia palepale siku zote. Mmoja anaandika kwamba ujamaa ulishindwa, mwingine anajibu kwa habari za babu yake aliyevunjiwa nyumba mwaka 1974 kwenye Operesheni Vijiji, ile ya kuhamisha watu kwa nguvu, wa tatu anamtetea Mwalimu Nyerere, matusi yanaanza, uzi unafungwa. Nimezisoma kwa miaka mingi na sijaona hata mmoja aliyeitaja Litowa.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu babu yangu mzaa mama, Songea. Ndani ya sanduku la bati, chini ya makoti, nikakuta daftari la shule lililojaa maandishi ya penseli. Kushoto tarehe, kulia kazi ya siku hiyo. Babu aliishi kwenye kimojawapo cha vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho watu walikiita RDA kwa jina lake la Kiingereza, Ruvuma Development Association. Daftari linakatika Septemba 1969, kurasa zilizobaki ni nyeupe. Mwanzoni nilidhani aliugua. Baadaye nikajua ni nini kilitokea mwezi ule, na tangu hapo sijatulia. Ndiyo maana naandika.

Turudi mwaka 1960. Uhuru bado. Kikundi kidogo cha vijana wa TANU wa Songea, hawakufika ishirini, waliamua kuanzisha kijiji chao porini, mahali paitwapo Litowa. Aliyewaongoza ni Ntimbanjayo Millinga, katibu wa umoja wa vijana wa TANU wilayani. Hawakutumwa na serikali wala hawakuahidiwa trekta. Walikwenda na majembe.

Mara ya kwanza walishindwa. Chakula kiliisha kabla shamba halijatoa kitu, wakatawanyika. Napenda sana sehemu hii ya habari yao, maana hapo ndipo wangeweza kusema basi. Mwaka 1961 wakarudi tena, safari hii wakaganda. Millinga mwenyewe alipitia Chuo cha Kivukoni kilipofunguliwa mwaka huo, kisha akarejea kwa wenzake.

Hapa tukumbuke kitu kimoja. Wakati huohuo serikali nayo ilikuwa na mpango wake wa makazi mapya. Familia zilichaguliwa, zikahamishiwa kwenye mashamba yaliyolimwa kwa trekta, zikajengewa nyumba, zikapewa meneja. Fedha nyingi ziliingia huko. Watu wakakaa kama vibarua wanaomsubiri tajiri aamke, na mwaka 1966 serikali ikaachana na mpango ule. Litowa, iliyoanza na njaa, ilikuwa imesimama, na vijiji vya jirani vilikuwa vimeanza kuiga.

Naendelea kesho, mvua inakaribia na umeme wetu mnaujua.

#2 Mmatengo Halisi

Mkuu endelea, nimeweka kambi hapa. Swali la haraka: walichangia kila kitu? Mpaka sufuria? Maana tulivyosimuliwa sisi, ujamaa ni kulala ukumbi mmoja na kula sahani moja.

#3 Mwana wa Songea

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza.

Nyumba ilikuwa ya familia. Jiko la familia. Kila kaya iliruhusiwa kabustani kake ka mboga na vitu vidogo. Cha pamoja kilikuwa shamba kubwa, ghala na kazi. Mkutano wa kijiji, wanakijiji wote, ndio uliochagua viongozi na kamati, na kamati ndiyo iliyogawa kazi: hawa wapalilie mahindi, hawa wakafyatue matofali, wale wakachimbe mtaro wa maji. Mavuno yakiuzwa, kiasi kinawekwa akiba ya kijiji, kinachobaki wanagawana kwa hesabu ya siku ambazo mtu amefanya kazi. Ndiyo maana babu alikuwa na daftari. Kila mstari ni siku yake moja.

Mkutano ndio uliokuwa moyo wa kijiji. Wazee waliokulia huko wanakwambia kikao kingeweza kurudiwa jioni hata tatu kwa jambo moja tu, mpaka waelewane. Mgeni angeona ni kupoteza muda. Lakini mtu aliyekaa jioni tatu akibishana kuhusu shamba la maharage, asubuhi ya nne hahitaji kuitwa kwa mbiu. Keshaamua mwenyewe.

Na wanawake walikaa humo humo mkutanoni. Walisema, walipinga, siku zao za kazi zilihesabiwa. Kwa Ungoni wa miaka ile hilo si dogo, wakuu. Waliweka pia mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama zao wako shamba, na watoto wakapewa chakula cha maana, si uji mtupu. Mama yangu ni mmoja wa waliolelewa hivyo. Ananiambia alijua ladha ya karanga za kupondwa kwenye uji kabla hajajua kuhesabu.

#4 Dada wa Isimani

Nimesoma yote kwa utulivu, kaka. Lakini naomba na sisi tusikilizwe. Mimi ni wa Isimani, Iringa. Kwetu neno ujamaa halina karanga ndani yake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Klerruu, kwa ajili ya mashamba hayo hayo ya ujamaa. Mwamwindi akanyongwa. Familia ngapi zimebeba kumbukumbu hiyo? Ukiniambia kulikuwa na kijiji kizuri cha ujamaa mahali fulani, moyo wangu unakataa kwanza.

#5 Mwana wa Songea

Dada yangu, pole, na asante kwa kusema kwa upole. Sitaki kufuta hata neno moja katika uliyoandika.

Ninachoomba utazame ni mpangilio wa miaka. Litowa ilianza 1960. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Andiko la Mwalimu la Ujamaa Vijijini lilitoka Septemba 1967, na ndani yake unaiona Litowa hata pale isipotajwa: watu wachache waanze kwa hiari, waaminiane, wakue polepole, wasilazimishwe. Mwalimu alikuwa amekwenda kuviona vijiji vile na alivipenda. Oktoba 1968 akaandika tena, kwenye Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Septemba 1969 TANU ikakifutilia mbali chama cha vijiji vilivyokuwa vikifanya hivyo hasa. Isimani yenu ni 1971. Amri ya kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976 ilitoka Novemba 1973.

Kwa hiyo waliokuja Isimani walikuja baada ya Litowa kuvunjwa, dada. Wale waliojua kazi hii ya kukaa jioni tatu mkutanoni walikuwa wameshanyamazishwa. Uchungu wako na uchungu wa nyumbani kwetu vimetoka tumbo moja.

#6 Mpiga Hesabu

Mleta uzi, umeandika vizuri ila kuna kitu umekiruka. Nilisikia pale palikuwa na Mzungu na fedha za wafadhili. Mtu akiletewa mashine ya kusaga na kiwanda cha mbao, hata mimi nitaishi kijamaa. Tuwe wakweli.

#7 Mwana wa Songea

Tuwe wakweli kabisa, sikatai.

Mzungu alikuwepo. Ni Ralph Ibbott, Mwingereza, mkadiriaji wa majengo kwa taaluma. Kabla ya hapo alikuwa Rhodesia ya Kusini, kwenye shamba la ushirika la St Faith's, ambako Weusi na Weupe walijaribu kulima pamoja katikati ya ubaguzi. Alikuja Litowa mwaka 1963 na mkewe Noreen na watoto wao, wakaishi kijijini. Kazi yake ilikuwa mshauri wa RDA: kuandika barua, kutunza hesabu, kutafuta msaada. Hakuwa meneja. Wakati wageni wengi wa miradi walikuwa wanakaa mjini na kuja kijijini na Land Rover kwa saa mbili, huyu mtoto wake alicheza na watoto wa Litowa.

Fedha za nje zilikuwepo pia. Mashine ya kusaga, kiwanda cha kupasua mbao, karakana, magari, si vyote vilivyotoka kwenye jembe. Lakini angalia vilikuja lini. Vilikuja watu wakiwa wameshalala njaa, wamerudi, wamelima, wameelewana. Msaada uliwakuta wana mkutano wa kuuamulia. Kwenye yale makazi ya serikali msaada ulitangulia, watu wakafuata. Na vile vitu vilikuwa mali ya vijiji vyote kwa pamoja. Kufikia 1969 RDA ilikuwa na vijiji 17, familia mia kadhaa tu kwa ujumla. Ni vichache, najua. Walikataa kukimbia. Kijiji kikitaka kujiunga, walipelekewa watu waliokomaa kutoka vijiji vya zamani wakae nao, walime nao, wawaoneshe namna ya kuendesha kikao na kutunza daftari. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chao, mtu kukaa na mtu.

Lipo jambo moja linaloniuma katika hoja yako na nalikubali. RDA ilipokuwa na mali zake, mshauri wake na marafiki wake ng'ambo, ilionekana kama serikali ndogo ndani ya mkoa. Hilo liliwaponza.

#8 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mimi nimefundisha shule za msingi miaka 34, kumi kati ya hiyo mkoani Ruvuma. Mleta mada usiisahau shule ya Litowa. Tulipokuwa chuoni tukikaririshwa Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Nyerere, hakuna mkufunzi aliyetuambia kwamba kitu kile kilikuwa kimeshafanyika mahali.

#9 Mwana wa Songea

Shikamoo mwalimu. Nilitaka niifikie, umeniwahi.

Mwalimu mkuu pale alikuwa Suleiman Toroka. Watoto wa madarasa ya juu kutoka vijiji vya RDA walikusanyika Litowa. Walisoma, walilima, na waliendesha mambo yao mengi wenyewe. Shamba la shule halikuwa adhabu. Ninyi mliosoma miaka ya 80 mnajua shamba la shule lilivyokuwa: umechelewa, nenda kachimbe, umekosa hesabu, nenda kapalilie. Pale shamba lilikuwa somo, na hesabu ya magunia ilikuwa hesabu kwelikweli kwa sababu wao ndio wangekula.

Shule nyingi zilikuwa zinamwandaa mtoto mmoja kati ya wengi aende sekondari, waliobaki wajione wameanguka. Toroka na wazazi wa vijiji vile waligeuza swali: huyu atakayebaki hapa, na ndio wengi, tumemwandaa vipi? Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Ukiisoma ukiwa unaijua Litowa unaona kabisa aliona nini huko.

Halafu sera ikasambazwa kwa waraka. Kilichobaki shuleni kwetu kikawa jembe na fimbo. Mwalimu wangu, wewe uliyekuwa darasani unalijua hili kuliko mimi.

#10 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ni kweli. Sisi tulipewa ekari za kulima, hatukupewa mkutano wa kuziamulia. Nami nilichapa watoto shambani. Nasema hapa kwa sababu ni vizuri kusema.

#11 Kijana wa Tandahimba

Sasa mkuu mbona hufiki kwenye kufungwa? Kama Nyerere aliwapenda, nani aliwaua?

#12 Mwana wa Songea

Nafika. Nimechelewa makusudi, sehemu hii naiandika kwa shida.

Mwanzoni mwa 1969 ulitoka Waraka wa Rais Na. 1, kwamba nguvu zote za serikali zielekezwe kwenye vijiji vya ujamaa. Masikioni ni habari njema. Lakini kuanzia hapo kila mkubwa wa mkoa na wilaya alikuwa na deni la idadi: una vijiji vingapi? Na katikati ya Ruvuma kulikuwa na watu waliokuwa wanasema polepole, kijiji si mabango.

Kulikuwa na tumbaku. Wakubwa wa mkoa walitaka mashamba makubwa ya tumbaku. Vijiji vya RDA havikuikataa tumbaku yenyewe, mabani ya kukaushia yalikuwepo. Walichokataa ni kupangiwa kiasi. Walisema chakula kwanza, halafu tutajadili. Bwana mkubwa aliyezoea kutoa amri akiambiwa "tutajadili" na mkulima mwenye kaptula iliyochanika, anasikia tusi.

Kulikuwa na mpaka pia. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilikuwa vimeanza Septemba 1964 ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji. Mkoa mzima ulikuwa macho. Wageni wanaoishi vijijini, hata wakiwa na nia njema, walikuwa rahisi kutiliwa shaka.

Na juu ya yote, swali la chama. TANU ilikuwa imeamua kwamba kiongozi wa ujamaa ni TANU. Sasa hapa kuna chama kingine, kimeandikishwa, kina mali, kina watu wa kuzunguka vijijini, na wakulima wake wanakiamini. Viongozi wake walikuwa wana-TANU damu, waliuanza ujamaa kabla wengi wa waliowahukumu hawajalitamka neno. Haikusaidia.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaamua RDA ifutwe. Hawakungoja. Wakubwa wakafika na polisi, mali zikachukuliwa: magari, mashine, kiwanda cha mbao. Walimu wa Litowa wakahamishwa, wakatawanywa. Akina Ibbott na wageni wenzao wakaondoka nchini.

Mwalimu alikuwa rais wa TANU. Nampenda, nyumbani kwetu picha yake iko ukutani mpaka leo, na babu ndiye aliyeitundika. Lakini uamuzi ule haukupita bila yeye. Aliyeandika kwamba watu hujiendeleza wenyewe aliacha wale waliojiendeleza wavunjwe, ndani ya mwaka mmoja tu tangu aandike. Nimejaribu kumtafutia udhuru, sijaupata.

#13 Mmatengo Halisi

Mkuu nimesoma nikasimama. Sasa watu walifanyaje? Walipigana?

#14 Mwana wa Songea

Hawakupigana. Wengine walirudi kwao, wengine walibaki kama wakulima wa kawaida katika kijiji kinachoendeshwa na TANU. Mtu akiondolewa uamuzi anaweza kuendelea kuamka asubuhi na kushika jembe, lakini ni jembe jingine.

#15 Mchana Kweupe

Naomba niongezee hapo kaka. Mimi nilifanya kazi upande wa Madaba. Kuna kijiji cha Matetereka, nacho kilikuwa cha RDA. Hawakuvunjika. RDA ilipofutwa waliendelea kimyakimya na shamba la pamoja chini ya viongozi wao, akiwemo mzee Lukas Mayemba. Mpaka miaka ya 1990 watafiti wa vyuo vikuu walikuwa wanaiandika kama kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Nchi nzima ilikuwa imeshaacha, sera imeshabadilika, wao wako shambani pamoja. Kwa hiyo anayesema Mtanzania hawezi kufanya kazi kwa ushirika bila fimbo, aende akaulize kule.

#16 Mwana wa Songea

Ubarikiwe sana. Matetereka ndio ushahidi wangu mkubwa kuliko hata Litowa. Hawakuwa na mfadhili tena, hawakuwa na mshauri, magari yalichukuliwa. Walibaki na mazoea ya kukaa kikao. Mpiga Hesabu, hili nalo liingie kwenye hesabu zako.

#17 Mpiga Hesabu

Limeingia. Nakubali sikuwa najua habari za Matetereka. Bado nasema vijiji 17 si nchi, na hakuna anayejua kama vingefika 1,000 vingebaki hivyo. Lakini kuvunja kitu kinachokwenda kwa sababu hukukianzisha wewe, hiyo ni dhambi.

#18 Dada wa Isimani

Kaka, nimemsomea baba mzazi uzi huu kwa simu. Ana miaka 79. Alikaa kimya, halafu akauliza: "Huko walikuwa wanaulizwa?" Nikamwambia ndiyo baba, walikuwa wanaulizwa. Hakusema kitu kingine.

Lile daftari la babu, kama si siri ya familia, tunaomba utuandikie japo kidogo.

#19 Mwana wa Songea

Msalimie sana mzee, mwambie shikamoo kutoka Songea.

Si siri. Mama ameruhusu. Naandika wiki ya mwisho kama ilivyo, nimenyoosha herufi tu. Ni kiangazi, mvua bado.

Jumatatu 22. Kufyeka shamba jipya, upande wa mtoni. Watu wote.

Jumanne 23. Matofali. Mchana kukata nyasi za kuezekea bani.

Jumatano 24. Matofali. Jioni kikao, mbegu za maharage. Hatukumaliza, tunarudia kesho.